Tumtazame Mtoto Anavyokua

MASOMO YA WATU WAZIMA KWA REDIO: AFYA NA MALEZI
Maneno yaliyosemwa redioni, yamepigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya kusoma na kuandika.

Kwa kiongozi wa darasa: Wanafunzi wasikilize kwanza bila kutazama kitabu. Kisha wasome kwa zamu, fungu kwa fungu. Asiyeweza kusoma fungu zima asome mstari mmoja. Mwisho jibuni maswali pamoja. Ndivyo walivyofanya wazee wetu mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, walipokaa makundi makundi kuizunguka redio moja.

MTANGAZAJI: Hamjambo, mabibi na mabwana. Karibuni tena katika somo letu. Leo tutazungumza juu ya mtoto mdogo: anavyokaza shingo, anavyokaa, anavyoota meno, anavyosimama dede na anavyoanza kusema. Tumepanda mpaka Ngujini, katika milima ya Upare Kaskazini, mkoa wa Kilimanjaro. Mwalimu wetu ameketi uani na mama mmoja, mwanafunzi mwenzenu wa darasa la watu wazima. Haya, tusikilize.

MWALIMU: Hodi hapa, mama.

MAMA: Karibu, mwalimu. Karibu kiti.

MWALIMU: Ahsante. Watoto hawajambo?

MAMA: Hawajambo. Ila huyu mdogo hatulii, kila kitu anataka kukishika.

MWALIMU: Ana umri gani?

MAMA: Miezi 14 na siku 9.

MWALIMU: Lo! Hata siku unazijua?

MAMA: Nimeandika, mwalimu. Daftari lake hili hapa.

MWALIMU: Vema sana. Ni nani aliyekufundisha kumwandikia mtoto daftari?

MAMA: Nilifundishwa na kosa langu mwenyewe. Huyu ni wa pili. Wa kwanza ni msichana. Alikaa mapema, akatambaa mapema, akaenda kabla ya watoto wa jirani. Nikajisifu. Lakini hakusema. Alitimiza mwaka mmoja bila neno. Alipotimiza miaka miwili alikuwa na neno moja tu, nalo ni «mama». Mama mkwe akaniambia, «Hata baba yake alichelewa kusema. Ngoja.» Jirani naye akasema, «Atasema tu, ngoja.» Nikangoja. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha, yakikauka, kisha yakitoa tena. Mimi nilipangusa kwa kitambaa, basi. Sikujua kuwa jambo hili na lile la kusema ni jambo moja.

MWALIMU: Ukaja kujua lini?

MAMA: Alipokwisha kupita miaka mitatu. Siku moja sufuria ilianguka nyuma yake, jikoni. Mimi niliruka. Kuku mlangoni waliruka. Yeye hakugeuka.

MWALIMU: Pole, mama.

MAMA: Nimeshapoa. Kesho yake alfajiri nikamfunga mgongoni nikampeleka hospitali. Nikaulizwa: Alianza lini kubwabwaja? Alianza lini kugeuka akiitwa jina? Usaha ulianza lini? Sikuwa na jibu hata moja. Nikasema tu, «Zamani kidogo.» Wakati ule nilikuwa sijui kuandika.

MWALIMU: Sasa yu hali gani?

MAMA: Alitibiwa. Sikio moja lasikia, la pili kwa shida. Yuko darasa la pili, na huketi mbele kabisa. Anasema, ila maneno mengine hayamtoki sawasawa. Mwalimu, kile kinachoniuma ni ile miaka miwili niliyokaa nikingoja.

MWALIMU: Ahsante kwa kutueleza. Wasikilizaji, mama huyu ametupa somo zima la leo. Aliambiwa «ngoja». Neno hilo si baya, kwa maana watoto hawakui sawa, na mara nyingi mzazi hana budi kungoja. Lakini kungoja kuna mpaka wake. Mzazi anatakiwa kuujua mpaka huo, ili asihangaike bure kabla haujafika, wala asilale ukiisha kupita.

KILA MTOTO NA MWENDO WAKE

MWALIMU: Kwanza tuelewe mwili wa mtoto unavyopata nguvu. Nguvu za kuutawala mwili huanza kichwani, kisha hushuka. Mtoto hukaza shingo kwanza. Baada ya shingo hufuata mgongo, naye huweza kukaa. Kisha hufuata nyonga na miguu, naye husimama na kwenda. Ndiyo sababu hatukuona kamwe mtoto anayekwenda kabla hajaweza kuinua kichwa.

Mfuatano huo ni mmoja kwa watoto wa Upare, wa Unguja na wa Ulaya. Ila mwendo si mmoja. Shirika la Afya Duniani liliwatazama watoto 816 wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, Uhindi, Norwei, Omani na Marekani. Mwaka 2006 lilitangaza lililoyaona. Yako hivi:

Kukaa bila kushikwa: wa kwanza walikaa karibu na miezi 4, wa mwisho baada ya miezi 9.

Kutambaa kwa mikono na magoti: wa kwanza kwenye miezi 5, wa mwisho kwenye miezi 13 na nusu.

Kwenda peke yake: wa kwanza kwenye miezi 8, wa mwisho kwenye miezi 17 na nusu.

Tazameni tofauti hiyo. Mmoja amekwenda na miezi 8, mwenzake na miezi 17, nao wote ni wazima. Tena watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa magoti kabisa. Wako wanaojikokota kwa makalio, na wako wanaoinuka tu wakashika kiti.

MAMA: Basi nisaidie, mwalimu. Huyu wangu hajaenda bado. Mtoto wa jirani alikwenda na miezi 10. Nikipita njiani naulizwa, «Mbona huyu mzito?» Naona haya.

MWALIMU: Je, husimama?

MAMA: Husimama dede akishika kigoda. Halafu huachia, mbili tatu, akaketi kwa kishindo.

MWALIMU: Miguu yote miwili huikanyagia sawa? Mikono yote miwili huitumia?

MAMA: Yote. Jana alinipokonya mwiko kwa mkono wa kushoto, leo kwa wa kulia.

MWALIMU: Basi usione haya. Mtoto huyu yumo njiani. Hebu fungua daftari, tuandike pamoja mpaka wake. Atatimiza miezi 18 lini?

MAMA: Miezi minne kutoka sasa, kasoro siku tisa.

MWALIMU: Andika tarehe hiyo. Mbele yake andika: «Ikiwa haendi, nimpeleke.» Sasa unaweza kungoja kwa moyo mtulivu. Mzazi anayengoja bila tarehe husahau.

Nanyi mlio na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kumbukeni kupunguza. Mtoto aliyezaliwa miezi miwili mapema, akiwa na miezi 8 mhesabu kama ana miezi 6.

TUMPE NAFASI

MWALIMU: Mama, huku kwenu ardhi imelala upande. Mtoto hujifunzia wapi kwenda?

MAMA: Kweli, mwalimu. Akianguka huku huviringika mpaka migombani kwa jirani. Ndiyo maana wengi wetu humweka mgongoni kutwa, na zaidi wakati wa baridi na ukungu.

MWALIMU: Mgongoni ni pazuri, mtoto hupata joto na husikia sauti yako. Lakini misuli haipati kazi. Kila siku mtandikie mkeka mahali pa tambarare, ndani au uani, umlaze kwa tumbo akiwa macho na wewe upo. Hapo hujifunza kuinua kichwa, kisha kifua. Akianza kukaa, mpe kijiko, kibuyu au gunzi la mahindi akichezee. Vitu vya dukani si lazima.

Ila jambo moja. Siku mtoto anapoanza kutambaa, jiko la mafiga limekuwa hatari. Hajui moto. Ugua moja la maji ya moto laweza kumharibu maisha. Wekeni kizuizi mlangoni mwa jiko kabla hajaanza kutambaa. Mafuta ya taa, dawa za mashamba na panga viwekwe juu.

MENO YASITUTIE HOFU

MWALIMU: Jino la kwanza huonekana yapata mwezi wa 6. Wengine huota na miezi 4, wengine baada ya mwaka. Kwa kawaida meno mawili ya chini mbele ndiyo hutangulia. Akifika miaka mitatu huwa na meno 20.

Wazee wa zamani waliogopa meno ya juu yakitangulia. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa na mkosi, na mahali pengi aliuawa. Hapa Upare kwenyewe, huko Mbaga katika milima ya kusini, wageni huonyeshwa hadi leo jiwe la Malameni, ambapo watoto waliodhaniwa kuwa na mkosi walitupwa. Twajua sasa kwamba meno ya juu kutangulia hakudhuru mtu yeyote.

Hofu ile imeondoka, lakini iko nyingine ambayo bado yatembea. Mtoto akiharisha au akiwa na homa, mtu humtazama fizi, akaona zimevimba na kitu cheupe ndani. Husema, «Haya ni meno ya plastiki, lazima yang'olewe.» Kisha hukata fizi kwa kisu au kwa ncha ya chuma.

MAMA: Maneno hayo tumeyasikia.

MWALIMU: Sikilizeni vizuri. Meno ya plastiki hayapo. Kile cheupe ni jino lake la kweli, changa, halijatoka bado. Likikatwa, mtoto hupoteza damu, na uchafu wa kisu huingia mwilini. Wako waliokufa. Waliopona, wengi hukua na mapengo au meno yaliyopinda, kwa maana jino la ukubwani nalo liko chini ya lile la utotoni, nalo huumizwa. Homa na kuharisha vina sababu zake: malaria, maji machafu, chakula kilicholala. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati, tena upesi.

KUSIKIA NA KUSEMA

MWALIMU: Sasa turudi kwenye lile la binti yako, mama. Mtoto hajifunzi kusema kwa mdomo tu, hujifunza kwa sikio. Lisilosikiwa halisemwi. Wala si lazima kungoja maneno ili kujua kama anasikia. Ishara huanza mapema.

Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo. Kabla ya miezi 3 kwisha, humtabasamia mtu. Yapata miezi 6, hugeuka kutafuta sauti. Kati ya miezi 6 na 9 hubwabwaja: ba-ba-ba, ma-ma-ma. Karibu na mwaka huitika jina lake, na huonyesha kwa kidole anachotaka. Miezi 18, aghalabu ana maneno machache. Miaka miwili huunga maneno mawili: «Maji nataka», «Baba kaenda».

MAMA: Wangu wa kwanza alibwabwaja kidogo, kisha akanyamaza.

MWALIMU: Kunyamaza huko ndiko ishara. Hata mtoto asiyesikia hubwabwaja mwanzoni, halafu sauti hupungua kwa sababu haisikii. Mzazi anaweza kumpima nyumbani. Kaa nyuma yake, asikuone. Piga kofi polepole, au gonga kikombe kwa kijiko. Asipogeuka, rudia siku nyingine kukiwa kimya. Asipogeuka tena, nenda. Na sikio linalotoa usaha ni ugonjwa. Lisitiwe mafuta wala majani. Litibiwe.

MAMA: Na je, mtoto anayesikia Kipare nyumbani na Kiswahili barabarani, hachanganyikiwi?

MWALIMU: Hapana. Ataweza zote mbili. Bibi yake amwambie hadithi kwa Kipare, wewe umwimbie kwa lugha yoyote uipendayo. Kinachomchelewesha mtoto ni kutosemeshwa. Ukimenya ndizi, mwambie, «Namenya ndizi.» Hata kama hajui kujibu, anaweka akiba.

KADI YA KLINIKI

MWALIMU: Kila mwezi mtoto hupimwa uzito, na alama hutiwa kwenye kadi. Alama zikiungwa huwa mstari. Sasa ninyi mwajua kusoma, msiiache kadi isomwe na nesi peke yake.

Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, yaani mwezi huu sawa na mwezi uliopita, ni onyo. Ukishuka, ni hatari. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 huwa na kilo 6 yapata mwezi wa 5, na kilo 9 hivi akitimiza mwaka.

Mpaka miezi 6 kamili, maziwa ya mama yatosha, hata maji si lazima. Baada ya hapo aongezewe chakula: uji mzito, ndizi zilizopondwa, maharage, mayai, mboga za majani, maziwa. Makande yetu pia yanafaa, ila yasagwe au yapondwe mpaka yalainike. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Tumbo lake ni dogo, basi ale kidogo kidogo mara nyingi.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9, na tena miezi 18. Siku hizo mbili zitumieni vizuri. Mwezi wa 9 ulizeni juu ya kukaa na kubwabwaja. Mwezi wa 18 ulizeni juu ya kwenda na kusema.

ISHARA ZA KUTONGOJA

MWALIMU: Andikeni mambo haya. Mtoto apelekwe kituo cha afya, ikiwa:

1. Ana miezi 4 na shingo haijakaza.
2. Ana miezi 9 na zaidi na hawezi kukaa.
3. Ana mwaka na habwabwaji, haonyeshi kwa kidole, haitiki jina.
4. Ana miezi 18 na haendi, au hana neno hata moja.
5. Kabla ya mwaka anatumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine.
6. Mwili wake ni mgumu kama ubao, au ni mlegevu kama kitambaa.
7. Alikuwa akiweza jambo, sasa haliwezi tena. Hili lisingoje hata wiki moja.

Zahanati ikishindwa, itawaandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi mpaka KCMC, Moshi. Kuna watoto wanaofichwa ndani kwa sababu hawaendi au hawasemi. Mtoto huyo hakurogwa, wala hakuleta aibu. Akianza mazoezi mapema, viungo hulainika. Akijifunza lugha ya alama mapema, atasoma kama wenzake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MKONO NA SIKIO

MAMA: Mwalimu, baba yangu alisema wao hawakuandikwa tarehe za kuzaliwa. Walipelekwa shule wakaambiwa wapitishe mkono juu ya kichwa.

MWALIMU: Ndivyo. Mkono wa kulia juu ya utosi, vidole viguse sikio la kushoto. Ukifika, unaingia darasa la kwanza. Usipofika, rudi nyumbani uchunge mbuzi mpaka mwaka ujao. Kipimo kile hakikuwa cha kipuuzi. Kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake wote, na mkono wake ni mfupi. Mwili hurefuka kuliko kichwa, hata yapata miaka 6 au 7 mkono hufika sikioni.

Lakini aliyekuwa mfupi kwa kuzaliwa, au kwa kukosa chakula, alirudishwa, hata kama miaka yake imetosha. Wako waliorudishwa mara mbili, tatu. Laiti mtu mmoja nyumbani angaliandika tarehe moja tu! Mtoto wako, mama, hatapimwa kwa sikio. Unayo tarehe yake.

MAMA: Naye dada yake sasa ndiye anayenisomea nikikosea herufi.

MWALIMU: Tusomee basi ulichoandika juu ya mdogo.

MAMA: «Alicheka: wiki ya 7. Alikaa: miezi 7. Jino la chini: miezi 8. Aligeuka nilipomwita kutoka nje: miezi 6.» Hili la kugeuka nimeliwekea mstari chini.

MWALIMU: Ahsante, mama.

MTANGAZAJI: Mabibi na mabwana, hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Baba, usiseme kazi hii ni ya mama. Nawe unajua kushika kalamu. Kwaherini.

MANENO YA LEO

kubwabwaja: kutoa sauti za kitoto kabla ya maneno
kusimama dede: kusimama kwa kuyumba, kama mtoto anayejifunza
fizi: nyama inayoshika meno
utosi: sehemu ya juu ya kichwa
mpaka: mwisho wa kungoja

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini yule mama aliona haya juu ya mtoto wake wa pili? Je, alikuwa na sababu?
2. Binti yake alikwenda mapema, lakini alikuwa na shida. Jambo hilo latufundisha nini?
3. Kijijini kwenu watu husema nini juu ya meno ya plastiki? Mtamjibuje anayesema hivyo?
4. Ni nani hapa aliyepimwa kwa mkono na sikio? Atueleze.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua daftari. Piga mistari, upate safu tatu. Juu ya safu andika: Tarehe, Umri, Alilofanya. Andika jambo moja alilofanya mtoto wako wiki hii. Asiye na mtoto mdogo aandike la mjukuu, au la mtoto wa jirani, amsomee mama yake. Lete daftari darasani siku ya somo lijalo.